Mpangaji Wangu na Kopo la Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Natangaza kwa heshima na taadhima, mbele ya kioo cha kabati na mende mmoja aliyehudhuria: sketi yangu ya kazini imelegea kiunoni. Leo nimeibana kwa pini. Mimi, ambaye baba watoto huniita Mkate Mzima! Nimekonda bila kujinyima hata tonge. Ninakula kuliko mashine ya kukandia unga na bado ninapungua. Ni muujiza, na sitaki mtu auchunguze.

Bahati mbaya, wanataka kuuchunguza. Mchana msimamizi aliingia chumba cha kukandia, akapanda juu ya kreti, akatangaza kwamba kila anayegusa unga apimwe choo. Asiyepimwa hagusi unga, na asiyegusa unga akae kwake. Tukagawiwa vikopo — vidogo, mfuniko mwekundu, plasta ya kuandikia jina. Kesho vifike zahanati. Watu walicheka, kisha kila mmoja akakificha chake kama kitu cha wizi.

Wifi hakucheka. Ni dada yake baba watoto, mjane, na tumepanga trei pamoja miaka na miaka. Alikishika kile kikopo kwa ncha za vidole kana kwamba kimeshajaa. Akanivuta nyuma ya magunia. Akaniuliza, pale maabara anapima nani?

Hapo ndipo nikakumbuka. Mpimaji wa zahanati ndiye yule kijana anayemuoa binti yake! Posa imeshapokelewa, imebaki kupanga siku tu.

"Wifi," akaninong'oneza, "mimi nikampelekee mkwe wangu mavi?"

Nilicheka mpaka pini ikanichoma. Haki yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya jambo. Niandike upesi kabla sijaona haya — kwangu haya huja kwa kuchelewa, kama mgeni anayejua chakula bado hakijaiva.

Alfajiri wifi yuko mlangoni. Kikopo kitupu, na amekiosha kwa sabuni kabisa! Anasema heri aache kazi. Nikamwambia aache kazi halafu harusi ya binti aigharamie kwa kitu gani, kwa maombolezo? Akasema nimuonee huruma, mkwe ni mtu wa kumwandalia kiti na kumkaribisha kwa maji ya kunywa. Ukishampa kitu kile, kesho utamtazamaje? Nikaona ana hoja. Mimi kwa yule kijana ni mke wa mjomba tu, mkwe wa pembeni. Heshima yangu kwake haina uzito wa kunizuia kitu.

Basi nikamwambia angoje hapo hapo. Mungu kaninyima mengi, kiuno mojawapo, lakini kwa jambo hilo hakuninyima. Saa yangu ikifika imefika. Nikagawa: kijiko kimoja kopo langu, kijiko kimoja kopo lake. (Kijiko nimekitupa. Naandika hapa ili baba watoto akikitafuta nisije nikamsingizia mtu.)

Wifi alikuwa nje ya choo amejifunika kanga usoni. Nilipomkabidhi aliniuliza nilizaliwaje bila haya, au zilinidondoka njiani. Nikamwambia mkate mmoja ukikatwa vipande viwili haubadiliki ladha. Akakimbia kutapika. Lakini alirudi akaandika jina lake kwenye plasta, kwa mwandiko mzuri.

"Jina si kitu," akasema. "Kilicho changu hatakiona."

Pale dirishani mkwe alivipokea vikopo vyote viwili akitazama sakafu. Shikamoo mama. Wifi akaitika marahaba akitazama ukuta. Sijapata kuona adabu nyingi namna ile juu ya vitu vya namna ile.

Alhamisi, 6 Machi

NINA TEGU!

Simaanishi chango la watoto wala tumbo la kuunguruma. Tegu kamili! Mkwe aliniita ndani ya maabara, akanisogezea kigoda, akasema kama sitajali nitazame mwenyewe kwenye hadubini. Nitajali nini? Nikainama. Ndani ya ule mwanga kuna kiduara cha kahawia, kimenenepa ganda, ganda lenyewe lina mistari mistari pembeni. Yai! Langu! Yaani lake, lakini limetoka kwangu.

Akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona vipande vyeupe bapa, vinajisogeza. Nimeviona! Nilidhani ni wali haukusagika. Akakohoa. Akanieleza kwamba kila kipande ni pingili ya mnyoo mmoja, na huyo mnyoo huenda ana urefu wa kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Muuguzi akaja kutazama. Mtu wa dawa akaja kutazama. Mfagiaji naye akasimamisha ufagio. Katika maisha yangu yote hakuna chumba kilichowahi kunigeukia hivyo, hata siku ya harusi yangu walimtazama zaidi mpiga picha.

Na chanzo kimejulikana. Zile nyama za kusaga za kutia ndani ya vikate: mimi ndiye muonja chumvi, na huonja kabla haijaiva. Mkwe amesema nisionje tena nyama ya ng'ombe mbichi. Sawa. Na chumvi ikizidi walaumu nani?

Basi muujiza wa sketi umekwisha. Nimekuwa nikilisha mpangaji.

Nilikuwa nainuka nikiwa nimejaa fahari, mkwe akashusha sauti. Akatazama sakafu tena. Akasema, na mama naye... Akajaribu tena. Mama naye anaye.

Nilisahau! Katika furaha yangu nilisahau kabisa kwamba mpangaji ana anwani mbili.

Nilimkuta wifi stoo, amekaa juu ya magunia. Nikamwambia. Nilitegemea tucheke mpaka tulie. Hakucheka.

"Sasa mkwe anajua nina joka tumboni," akasema. "Na si langu hata."

Nikamwambia basi tukaseme ukweli. Akanikazia macho. Tukamwambie kijana wa watu kwamba mama mkwe wake ni mtu wa kuazima mavi? Nikakiri moyoni kwamba tegu lina heshima zaidi kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepewa vidonge, kila mtu pakiti yake, vya kunywa kesho asubuhi. Mpaka hapo hatugusi unga. Leo tumekunja makasha ya mikate siku nzima, sisi wawili na kuta nne. Msimamizi akapitisha kichwa mlangoni kuuliza hali za wazazi. Amejua vipi kilichomo tumboni? Mfagiaji, bila shaka.

Wifi vidonge vyake hatavinywa. Alinitupia pakiti mapajani: tegu lako, dawa yako. Nimeificha ndani ya kopo tupu la hamira, juu ya kabati.

Baba watoto amepokea habari kwa utulivu mkubwa. Ameuliza tu kama huyo mtu wa tatu alikuwa anachangia kodi.

Jumamosi, 8 Machi

Ametoka!!

Sina lugha. Mweupe, bapa, kama utepe wa kushonea pindo la mto, pingili kwa pingili, mrefu kuliko kamba yangu ya kuanikia. Baba watoto aliomba aone. Aliona. Sasa yuko nje anatengeneza baiskeli ambayo haijaharibika.

Mkwe alikuwa ameniambia nimlete mzima ili atafute kichwa. Kichwa kikibaki, mwili unaota upya. Nilimpeleka ndani ya ndoo ya siagi, mfuniko juu, nikapita barabarani nikisalimia watu. Mtu wa genge akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia mpangaji anahama.

Mkwe alimtandaza kwenye sinia, akamfuata kwa kibano polepole mpaka akafika mahali membamba kama uzi. Akaniita. Kichwa! Kama ncha ya pini, na vishikizo vinne, vinanitazama. Alifurahi yule kijana kama aliyeokota almasi jaani. Na mimi nikafurahi, nikampiga begani, tukawa watu wawili wenye tegu moja.

Akafuta mikono. Akauliza kama mama naye ametoa.

Nikasema ametoa. Mrefu? Mrefu. Mbona hakumleta? Nikasema wifi yangu ana haya, wewe unajua. Akatikisa kichwa taratibu, akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikachukua ndoo yangu nikaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudishwa kwenye unga! Kipimo cha kurudia ni baada ya miezi kadhaa. Nimelikanda lile donge la kwanza kama mtu aliyetoka safari. Sketi bado inataka pini. Najiuliza kama kuna namna ya kumfukuza mpangaji na kubaki na kiuno.

Wifi amerudi kazini lakini ni kama hakurudi. Trei moja, anakaa. Trei mbili, anakaa. Kule stoo kuna ngazi fupi. Akifika katikati anasimama, anashika ukuta, anahema kama aliyekimbizwa. Mimi ndiye niliyempa jina mwaka huu: Bi Gunia, kwa kuwa ukimtafuta utamkuta amekaa juu yake. Jina limeshika. Hata dereva wa gari la mikate analitumia. Mfukoni mwa aproni ana vidonge vya udongo, anatafuna kama mtu anayekula karanga. Nilimuuliza, wifi, mimba ya uzeeni? Baba yake nani, tumpelekee posa? Akacheka, halafu akaweka kiganja kifuani, akangoja pumzi imrudie.

Msimamizi akasema labda ni dawa ya tegu inamchosha. Nikaitikia upesi: dawa ile ni kali sana, bwana!

Dawa yenyewe imelala kabatini kwangu, ndani ya kopo la hamira.

Jumapili, 16 Machi

Leo wakwe walikuja kupanga siku. Sebule ya wifi ilijaa — baba wa kijana, mashangazi wawili wa saizi yangu (nikajisikia nyumbani), kijana mwenyewe pembeni akiwa amevaa shati la kukaba shingo. Tangu ile habari ya maabara ndiyo mara yao ya kwanza kukaa chumba kimoja, yeye na wifi. Yeye anatazama zulia. Wifi anatazama pazia. Wakisalimiana ungedhani kila mmoja anaongea na fanicha.

Mazungumzo yalienda vizuri. Nilitania mashangazi, mashangazi wakanitania, binti akasikiliza mlangoni akidhani hatumuoni. Siku imekubaliwa: baada ya mavuno, mbele ya watu, bila makuu.

Halafu wifi akaleta sinia la chai.

Nilisikia vikombe kabla sijamwona. Vilikuwa vinagongana. Alikuja hatua kwa hatua, midomo imekauka, na sinia linatetemeka. Mkwe akaruka kutoka pale alipokuwa, akalipokea. Na alipolipokea viganja vya wifi vikabaki vimefunguka mbele yake. Kijana akavitazama. Mimi nami nikavitazama. Vyeupe! Nikajiambia ni unga, sisi ni watu wa mikate, unga hautoki.

Lakini leo ni Jumapili. Wifi hajagusa unga tangu jana.

Mkwe akainua macho, akanitazama mimi, si wifi. Nikachukua biskuti.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi ameanguka.

Stoo, kati ya magunia. Tulisikia kishindo, mtu akasema Bi Gunia amelala na wenzake, tukacheka. Mimi nilicheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Kisha nikaenda kumwamsha nimtanie, na ndani ya kope zake hakukuwa na wekundu hata kidogo.

Amezinduka, amekunywa maji, amekataa zahanati. Nimemlaza kwangu. Baba watoto amekaa kando yake na hajasema mzaha hata mmoja tangu alipofika. Jikoni akaniuliza dada yake ana nini. Nikasema sijui.

Na hilo, kwa mara ya kwanza mwezi huu, lilikuwa kweli. Hakuna anayejua. Aliyepimwa ni mimi. Nilipimwa mara mbili.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati, juu ya mfuko wa mkate niliouchana. Kitabu nimekisahau nyumbani. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Wifi tumemleta kwa baiskeli ya baba watoto, amekaa nyuma, mimi nimemshikilia. Njia nzima ananiambia nikifungua mdomo atanisusa mpaka kaburini. Nikamwambia kwa mwendo huu hatutangoja sana. Halikuwa neno la kusema. Akaegemeza kichwa begani kwangu.

Daktari alimtoboa kidole, akatazama, akaita muuguzi. Wifi hatarudi nyumbani leo. Damu imebaki kidogo mno. Akauliza nasi tukaitikia: kweli anatafuna udongo, kweli ana bustani ya mboga kule bondeni, kweli hulima pekupeku, na vyoo vya majirani viko juu yake. Daktari akafungua karatasi za kipimo cha majuzi. Akasema lakini choo kilipimwa na kilikuwa na tegu tu, na tegu halimalizi mtu damu hivi. Akamwita mpimaji.

Basi mkwe akaingia. Wifi akageukia ukuta. Kilichotokea kweli ni hiki.

Nilisimama. Nikasema, mwanangu, vile vikopo viwili vilikuwa vyangu vyote. Niligawa kwa kijiko. Mama mkwe wako hajapimwa, hajawahi kuwa na tegu, na vidonge vyake viko kwangu ndani ya kopo la hamira. Niliona mchezo mzuri. Niliufurahia sana. Na kila alipochoka nilimcheka, nikampa na jina. Nilisema yote hayo mbele ya daktari, muuguzi, mume wangu, na yule mfagiaji ambaye hakosekani mahali. Hakuna aliyecheka. Nami nilikuwa nimezoea kuchekwa.

Mkwe hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa.

"Niliona, mama," akasema. "Vikopo vyote viwili vilikuwa na mbegu zile zile za nyanya, na ganda lile lile la pilipili. Nikajua ni mtu mmoja. Lakini mimi nitamuulizaje mama mkwe wangu kama mavi ni yake?"

Baba watoto akatoka nje. Nilimwona dirishani akishika kichwa, sijui analia au anacheka. Nadhani vyote.

Yaani sote tulijua! Mimi nilijua, wifi alijua, kijana alijua tangu siku ile, na kila mmoja akamwachia mwenzake heshima yake. Na wifi huyo, anakwisha.

Daktari akasema anahisi minyoo ya safura, ile inayong'ata utumbo na kunyonya damu, huingilia kwenye nyayo. Dawa ya tegu haiigusi hata kama angeinywa. Lakini anataka kuona, ajue ni nini na ni mingi kiasi gani, na anataka leo. Mkwe akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kuna mwenzake katika zahanati ya pili, anaweza kumwomba aje kesho kutwa apime yeye, ili mama asipate taabu. Daktari akasema kesho kutwa ni mbali.

Tukakaa. Niliona kidole cha wifi kinachora juu ya shuka.

Kisha akageuka kutoka ukutani. Akamtazama kijana usoni, waziwazi, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aje kuchumbia. Akanyoosha kile kiganja cheupe.

"Nipe kopo, mwanangu."

Akapewa. Mkwe alimpa kwa mikono miwili.

Muuguzi na mimi tumemshika mpaka chooni, na sasa amejifungia. Mimi niko hapa nje kwenye benchi. Mkwe amesimama mlangoni pa maabara, ameshavaa glovu, anatazama sakafu kwa bidii zote. Baba watoto amerudi, anauliza kwa macho, namjibu kwa mabega.

Muda unapita. Ndani kimya. Nimegonga, nikauliza kama yu mzima.

"Mzima," amejibu. Kisha, baada ya kitambo, sauti ndogo: "Wifi. Wewe leo huna hata nusu?"

Ninacho! Saa yangu imefika tangu tukiwa njiani, nimebana hapa kama pini ya sketi. Lakini nimemwambia sina. Nimemwambia sina kabisa, achukue muda wake, nitakaa hapa hapa mpaka atakapofungua mlango.